Reli ya Tanga: Picha zipo, majina hayapo

Ipo aina moja ya picha inayojulikana sana kwa familia za Tanga, Muheza na Korogwe. Mwanamume amevaa sare, amesimama mbele ya kichwa cha treni, mikono ameiweka nyuma, hacheki. Picha ina rangi mbili tu na kona zake zimeliwa na mende. Wajukuu wanajua kuwa huyo ni babu na kwamba alifanya kazi reli. Lakini ukiuliza alikuwa dereva, gadi, mtu wa gengi au karani wa tiketi, na hiyo stesheni ni ipi, utaambiwa kuwa aliyejua ni bibi, na bibi hayupo tena.

Wajukuu haohao leo wana simu zenye kamera. Honi ya treni ikisikika, wanatoka mbio kwenda kupiga picha. Siku hiyohiyo picha zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, zinapendwa, na baada ya wiki zimefutwa ili kupisha video nyingine. Hapo kuna hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba kizazi hiki kitaacha picha nyingi zisizo na maelezo, kama kilivyoachiwa. Ya pili ni kubwa zaidi: mtoto anayekimbilia reli akiwa amekodolea macho kioo cha simu anaweza asirudi nyumbani.

Hasara zote mbili zinazuilika, na pa kuanzia ni nyumbani.

Reli na mkonge, mwaka mmoja

Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa Tanganyika. Wajerumani waliianza mwaka 1893 katika mji wa Tanga wakaiita reli ya Usambara. Ulikuwa mwaka uleule ambao Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Aliagiza miche 1,000, ikafika 62 tu iliyo hai, na hiyo ndiyo ikawa mbegu ya mashamba yaliyokuja kufunika mkoa. Tangu hapo reli na mkonge vilikwenda pamoja. Mashamba yalikuwa na vijireli vyao vidogo vya kusombea majani hadi kiwandani, na marobota ya singa yakashushwa bandarini kwa treni kubwa.

Ujenzi ulikwenda kwa kusuasua. Treni ilifika Pongwe mwaka 1894, Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kampuni iliyoanza kazi iliishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ikaichukua reli mwaka 1899. Moshi ilifikiwa mwaka 1911. Arusha ilisubiri hadi mwaka 1929, chini ya Waingereza. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, kilifunguliwa kipande cha Ruvu hadi Mruazi kinachovuka Mto Wami, na kwa mara ya kwanza reli ya Tanga ikaungana na Reli ya Kati.

Kila mwaka kati ya hiyo una watu wake. Kuna waliofyeka pori, waliobeba mataruma mabegani, waliovunja kokoto kwa nyundo, na wanawake waliopika kambini. Wengi walikuja kutoka mbali, wakaoa au kuolewa, wakabaki. Ndiyo maana ukiuliza asili ya koo nyingi za kando ya reli, jibu linapita kwenye stesheni fulani au shamba fulani la mkonge.

Kamera ilikuwepo, jina halikuandikwa

Kamera na treni vilikua pamoja. Mwaka 1896, treni ya kwanza ilipokuwa ikiingia Muheza, watu wa Ufaransa walikuwa wanatazama filamu fupi ya ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Filamu ile ya chini ya dakika moja inaonyesha treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, mji mdogo wa pwani kusini mwa nchi hiyo. Baadhi ya watu wanaoonekana wakisubiri jukwaani ni wa familia ya akina Lumière wenyewe. Filamu hiyo inahesabiwa kati ya za mwanzo kabisa za sinema duniani, na kwa familia ile ilikuwa pia picha ya nyumbani. Majina ya baadhi ya waliomo yanajulikana hadi leo.

Huku Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Mjerumani Walther Dobbertin alifika mwaka 1903 na kwa miaka mingi alipiga picha za miji, mashamba, askari na reli. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv. Mwishoni mwa mwaka 2008 taasisi hiyo ilifungua sehemu ya hazina yake kwenye intaneti, na leo mtu aliyeko Muheza mwenye simu na bando anaweza kuzitazama bila malipo.

Akizitazama ataona jambo moja. Mara nyingi maelezo yanataja mahali na aina ya kazi, na pengine afisa wa Kizungu. Wafanyakazi Waafrika ni "vibarua" au "wenyeji". Wamesimama hapo, nyuso zao zinaonekana wazi, lakini hawana majina. Aliyepiga picha hakuyauliza, na waliopigwa picha hawakupewa nakala.

Kosa hilo la mgeni linaeleweka. Lisiloeleweka ni kulirudia leo ndani ya nyumba, kwa picha ya babu ambaye watoto wake bado wako hai.

Nini cha kupiga picha zaidi ya kichwa cha treni

Mtoto akipewa simu atapiga kichwa cha treni, na hakuna ubaya. Lakini reli ni kazi ya watu wengi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina kelele.

Reli ya zamani ya Tanga ni ya njia moja na upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa kuwa njia ni moja, treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni yenye njia ya pembeni. Moja huingia pembeni ikasubiri, nyingine ikapita. Dereva haondoki kwa kuona tu kwamba mbele ni kweupe. Lazima apewe idhini ya kuingia kipande kinachofuata, na stesheni masta lazima ahakikishe na mwenzake wa mbele kuwa hakuna treni nyingine humo. Maisha ya abiria wote yanategemea mawasiliano hayo ya watu wawili waliokaa maofisini, kilomita nyingi kutoka mmoja hadi mwingine.

Nje kuna anayegeuza njia kwa mkono, akihakikisha ulimi wa reli umekaa sawasawa. Kuna gadi mwenye bendera mchana na taa usiku. Kuna mafundi wanaopita na kiberenge asubuhi kukagua njia. Kuna gengi, wale wanaoshindilia kokoto chini ya mataruma, wanaokaza misumari na kufyeka majani. Mvua za masika zikibomoa tuta, wao ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nje ya uzio wa stesheni kuna mama mwenye sinia la machungwa ya Muheza, anayejua ratiba ya treni kuliko abiria.

Picha ya kichwa cha treni itafanana na maelfu ya nyingine. Picha ya mikono ya mtu wa gengi ikiwa imeshika nyundo, pamoja na jina lake, haitapatikana kwingine.

Kuna sababu ya kuwahi. Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilirejea Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya, na mwaka 2020 zikafika Arusha. Wakati huohuo nchi inahamia reli ya kisasa. Abiria walianza kusafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, wakipita Soga na Ruvu mkoani Pwani, ambako reli mpya na ya zamani zinakwenda karibu karibu. Serikali imetangaza pia mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kwenda Arusha hadi Musoma. Kazi za mikono zilizoelezwa hapo juu hazitadumu milele. Kompyuta na mitambo zitazichukua, na mtoto aliyezaliwa mwaka huu huenda asiwahi kumwona mtu akigeuza njia ya treni kwa nguvu za mikono yake.

Roho kwanza, picha baadaye

Mzazi anayemruhusu mtoto kupiga picha za treni anapaswa kumfundisha mambo machache kabla ya kumpa simu, na yeye mwenyewe awepo.

La kwanza ni kwamba treni haiwezi kukwepa na haisimami upesi. Basi likimwona mtu barabarani litapinda. Treni ya mizigo yenye mamia ya tani ikishafungwa breki inaweza kwenda kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Dereva akimwona mtoto relini, alichobakiwa nacho ni honi.

La pili, treni ni pana kuliko reli. Behewa limetokeza nje ya chuma kila upande, na vitu kama ngazi au kamba ya turubai iliyolegea hutokeza zaidi. Anayesimama ukingoni mwa kokoto akidhani yuko salama, hayuko salama. Mahali pa kusimama ni nje kabisa ya tuta, hatua nyingi kutoka kwenye reli, au nyuma ya mstari jukwaani. Penye uzio, mpiga picha hubaki nje ya uzio.

La tatu, macho yakiwa kwenye kioo cha simu, akili hupoteza hesabu ya umbali. Treni huonekana ndogo na ya mbali kuliko ilivyo. Kwa hiyo mahali pa kusimama pachaguliwe kabla treni haijatokea, na mtu asisogee mbele hata hatua moja baada ya kuinua simu. Penye njia mbili, treni moja ikipita huficha sauti ya nyingine. Kuvuka haraka ili kuwahi upande wenye mwanga mzuri ndiko kunakoua.

La nne linahusu reli ya umeme. Waya unaopita juu ya reli ya kisasa una umeme wa volti 25,000. Umeme wa nguvu hiyo hauhitaji mtu aguse waya. Unaweza kuruka hewani na kumfikia aliyekaribia. Fimbo ya selfi, mti wa kuangulia maembe, tiara ya mtoto na kupanda juu ya behewa ni hatari ya kifo. Treni hizo zimejengwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 40 kwa sekunde moja. Mtoto akihesabu moja, mbili, tatu, treni imeshapita urefu wa uwanja wa mpira.

La tano, madaraja si mahali pa kupigia picha. Daraja la reli mara nyingi halina pa kukimbilia. Picha nzuri ya daraja hupigwa kutoka mbali, ukingoni mwa mto, na huko nako mzazi aulize wenyeji kwanza kuhusu mamba.

Kuomba ruhusa si kujidhalilisha

Reli, stesheni na madaraja ni mali ya umma zinazolindwa, na sheria ya usalama wa taifa inakataza kupiga picha katika maeneo yaliyotengwa kwa ulinzi bila kibali. Mtu akionekana na kamera kubwa karibu na daraja, askari ana haki ya kumuuliza. Njia rahisi ni kutangulia. Baba au mama anaingia ofisini kwa stesheni masta, anasalimia, anaeleza kwamba mwanawe anapenda treni na angependa kupiga picha chache akiwa jukwaani. Akiambiwa hapana, anashukuru na kuondoka. Akiambiwa ndiyo, anauliza mipaka: wapi asimame, nini asipige. Shule au kikundi cha vijana kinachotaka kufanya kazi ya siku nzima kiandike barua kwa uongozi wa shirika la reli mapema.

Watu nao waombwe. "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha ukiwa kazini" ni sentensi fupi, na mara nyingi hufungua mazungumzo yenye thamani kuliko picha yenyewe. Mtoto ajifunze kumwonyesha mzee picha aliyopiga, na kuifuta asipoipenda. Abiria aliyelala dirishani na mama anayenyonyesha waachwe wapumzike.

Mwanga wa pwani

Kwa upande wa ufundi, simu ya kawaida inatosha. Adui mkubwa ni jua la mchana. Tanga iko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na saa sita jua husimama utosini, likatia kivuli cheusi chini ya kofia na chini ya mabehewa. Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni.

Reli inatoka Tanga kuelekea magharibi. Kwa hiyo treni inayoshuka kwenda Tanga asubuhi inalitazama jua, na uso wake unang'aa. Ile inayopanda kuelekea Korogwe hupendeza jioni. Mpiga picha awe na jua nyuma yake au ubavuni.

Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita kama mita 14 kila sekunde, ndiyo maana picha nyingi hutoka na ukungu. Kuna dawa mbili. Moja ni kusimama mahali ambapo treni inakuja kwa mshazari badala ya kukatiza mbele ya kamera. Nyingine ni kutumia uwezo wa simu wa kupiga picha mfululizo, kisha kuchagua iliyo safi. Kukuza picha kwa vidole kabla ya kupiga huiharibu. Bora ipigwe kama ilivyo na kukatwa baadaye. Na kabla ya yote, kioo cha kamera kifutwe. Chumvi ya pwani, vumbi na mafuta ya vidole huweka ukungu ambao watu huusingizia ubovu wa simu.

Mpiga picha mdogo afundishwe pia kuacha nafasi. Milima ya Usambara nyuma, safu za mkonge pembeni, minazi, na treni ikiwa ndogo katikati: picha hiyo inasema treni ilipita wapi. Picha ya namba ya kichwa pekee ingeweza kupigwa nchi yoyote.

Jioni ya kuandika majina

Kazi inayobaki haihitaji treni. Inahitaji mkeka, taa na mtu mzima mwenye kumbukumbu.

Familia yenye picha za zamani za reli itenge jioni moja. Picha zitolewe kwenye sanduku, zifutwe vumbi kwa kitambaa laini na kikavu, zishikwe kwenye kingo. Mjukuu anapiga kila picha kwa simu akiwa dirishani penye mwanga wa kutosha, bila flashi, ili kisiwepo kimuliko. Kisha anakaa karibu na babu au bibi na kuuliza maswali mafupi: Huyu nani? Alitoka wapi? Hapa ni stesheni gani? Alikuwa anafanya kazi gani? Huyu aliyesimama pembeni ni nani? Mzee akianza hadithi, simu irekodi sauti. Asiharakishwe, na asisahihishwe miaka. Mzee anaweza asikumbuke mwaka lakini akakumbuka kwamba ilikuwa baada ya Uhuru na kabla ya kuzaliwa shangazi, na hilo linatosha kupata tarehe ya karibu.

Jina linapopatikana, liandikwe mahali pawili. Nyuma ya picha ya karatasi liandikwe kwa penseli laini pembeni, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa mbele. Kwenye simu, faili lipewe jina lenye maana, lenye jina la mtu, kazi, mahali na mwaka, badala ya namba zilizotolewa na mashine. Nakala zihifadhiwe zaidi ya sehemu moja, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini. Anayetaka kuona picha za zamani za mji na kulinganisha na zake anaweza kumpeleka mtoto Makumbusho ya Urithi Tanga, katika boma la zamani la Wajerumani.

Picha mpya nazo zifuate utaratibu huohuo tangu siku ya kwanza. Mtoto aliyepiga picha ya gadi aandike jina la gadi, stesheni na tarehe kabla hajalala. Akifanya hivyo kwa picha kumi tu, atakuwa amefanya kitu ambacho wapiga picha wa miaka ya Wajerumani, pamoja na kamera zao za gharama, hawakukifanya.

Familia moja ya Korogwe au Pongwe haiwezi kurudisha majina ya wote waliolala kando ya reli hii. Lakini inaweza kurudisha la mtu wake mmoja, maadamu shangazi bado yupo na bado anakumbuka. Kazi hiyo isingoje sikukuu. Picha ikaguliwe wiki hii, na swali liulizwe kwa anayelijua jibu.